Nguzo ya Sanduku la Barua



Juma lililopita alinijia baba mmoja wa kijiji cha jirani, seremala wa siku nyingi, mwenye mikono iliyojaa sugu za randa. Aliketi, akanywa maji, kisha akatoa simu mfukoni na kunionyesha picha.

“Mwalimu, itazame nyumba ya kijana wangu huko Marekani.”

Nikaitazama. Nyumba ya mbao, majani yaliyokatwa vizuri, na kando ya barabara nguzo moja imesimama peke yake. Juu ya nguzo kulikuwa na kitu cha bati kama mzinga wa nyuki, chenye mlango mdogo mbele na kibendera chekundu ubavuni.

“Nilimwuliza kama huko wanafuga nyuki barabarani,” akasema yule mzee, “akanicheka. Kumbe ni sanduku la barua! Lakini nguzo yake imekwisha kuangushwa mara mbili wakati wa baridi. Sasa ataka kusimamisha bomba la chuma na kulijaza saruji, lisianguke tena maisha. Nami nataka kumchongea gogo la mninga, nene, lenye simba na twiga, liwe pambo na ukumbusho wa baba yake. Wewe wasemaje? Lipi bora?”

Nilimwomba anipe siku chache nijifunze jambo hilo. Leo namjibu hapa gazetini kwa sababu mbili. Kwanza, najua hayuko peke yake mwenye mtoto ng'ambo. Pili, jibu lenyewe latuhusu hata sisi ambao hatuna sanduku la barua mlangoni. Basi mzee wangu, keti tena usikilize.

KWA NINI LIKAE BARABARANI?

Sisi tumezoea kuifuata barua. Sanduku letu liko posta mjini, na mara nyingi si letu hasa. Ni la misheni au la shule, na barua ya kijiji kizima hufika humo. Atokaye mjini huja na bahasha za watu kumi.

Wakulima wa Marekani nao zamani walikuwa hivyohivyo. Mtu alifunga farasi, akaenda safari ndefu mpaka posta, na pengine akarudi mikono mitupu. Tarehe 1 Oktoba 1896 serikali yao ilianza kujaribu kuwapelekea barua mashambani bila malipo ya ziada. Walianzia katika posta tatu za jimbo la West Virginia: Charles Town, Halltown na Uvilla. Jaribio lilifaulu, na mwaka 1902 likawa kazi ya kudumu.

Lakini tarishi wa posta hawezi kuingia katika kila shamba, kubisha hodi, kuamkiana na kupokea chai. Siku ingeisha kabla hajafika nusu ya njia. Ikawa desturi kwamba mkulima aweke sanduku lake ukingoni mwa barabara. Mwanzoni watu waliweka walichokuwa nacho: kopo la mafuta ya nguruwe, debe la asali ya miwa, kasha la sabuni, vikapigiliwa juu ya gongo la ua. Barua zikalowa na zikapotea. Mwaka 1915 mhandisi wa posta, Roy Joroleman, alichora sanduku lenye mgongo wa mviringo, ili mvua na theluji viteleze chini. Ndilo hilo mzee wangu aliloliita mzinga. Umri wake umepita miaka mia moja na watu wangali wanalinunua.

Kibendera nacho kina kazi. Mwenye nyumba akiwa na barua ya kupeleka, huitia ndani na kukiinua. Tarishi akikiona kimesimama hujua hapo pana mzigo wa kuchukua, hata kama siku hiyo hana barua ya kuleta.

MKONO WA TARISHI

Sasa tufike kwenye kazi. Anayetaka kusimamisha nguzo hiyo huanza kwa kumfikiri mtu mmoja, naye ni tarishi aliye ndani ya gari. Huko magari hupita upande wa kulia wa barabara, na usukani wa magari ya kawaida uko kushoto. Lakini magari mengi ya posta yametengenezwa na usukani kulia, kama magari yetu, ili tarishi anyoshe mkono dirishani na kulifikia sanduku bila kushuka. Katika njia moja hufanya hivyo mara mia kadhaa kwa siku. Sanduku likiwa juu mno, bega lake laumia. Likiwa mbali mno, hana budi kutoka garini kila mara.

Kwa hiyo posta ya Marekani imetoa vipimo. Chini ya sanduku kuwe na inchi 41 hadi 45 kutoka usawa wa barabara. Kwetu tungesema sentimeta 104 hadi 114. Mlango wa sanduku uwe nyuma ya ukingo wa barabara kwa inchi 6 hadi 8, yaani sentimeta 15 hadi 20. Mahali pasipo na ukingo uliojengwa, mwenye nyumba hupaswa kuwauliza watu wa posta ya kwao. Hata penye ukingo ni vizuri kuwauliza kabla ya kuchimba, maana wao ndio wanaojua upande wa barabara ambao tarishi hupita.

Namba ya nyumba iandikwe ubavuni kwa tarakimu zisizopungua inchi 1 kwa urefu, kwa rangi inayotofautiana na rangi ya sanduku. Na sanduku likinunuliwa dukani, litazamwe kama lina maneno ya kibali cha Mkuu wa Posta.

Kuna jambo moja lililonishangaza. Mwenye nyumba hulinunua sanduku kwa fedha yake na nguzo huisimamisha kwa jasho lake, lakini sheria ya huko, tangu mwaka 1934, humkataza mtu mwingine kutia ndani matangazo na karatasi zake bila kulipa ada ya posta. Sanduku ni mali yake, lakini kazi yake ni ya umma. Likumbukeni neno hilo, tutalirudia.

KUCHAGUA NGUZO

Posta hutaja namna mbili za nguzo. Ya kwanza ni mti wa mraba wa inchi 4 kwa 4. Fundi ajue kwamba mbao iuzwayo huko kwa jina la nne kwa nne, ikisharandwa, hubaki inchi tatu na nusu. Ya pili ni bomba la chuma au la alumini lenye upana wa inchi 2. Si zaidi ya hapo.

Kwa mti, wengi huchagua mwerezi, kwa kuwa huvumilia unyevu, au mbao iliyotiwa dawa ya kuzuia kuoza na wadudu. Mbao laini isiyo na dawa huanza kuoza pale pale udongo unapokutana na hewa, kama nguzo za nyumba zetu.

Kuna watu wapendao makubwa. Wengine hujenga mnara wa matofali. Wengine huchukua plau kuukuu la chuma, au kopo kubwa la maziwa na kulijaza zege, wakaweka sanduku juu yake. Kwa macho hupendeza. Lakini posta yao huwaonya watu waziwazi wasitumie vitu hivyo, wala mabomba mazito, wala nguzo za zege. Hushauri kwamba nguzo bora ni ile ambayo gari likiigonga, yenyewe hupinda au huanguka.

Nilipofika hapo nilisimama. Sisi mafundi wa kijijini tumefundishwa kwamba nguzo njema ni ile isiyotikisika. Na hapa naambiwa kwamba nguzo njema ni ile inayokubali kuanguka!

KISA CHA OHIO

Lakini sikilizeni kisa hiki. Katika jimbo la Ohio, huko huko Marekani, palikuwa na mtu mwenye taabu kama ya kijana wetu. Sanduku lake liliharibiwa na wahuni tena na tena, akawa kila mara hutengeneza upya. Mwishowe akachoka. Akatafuta bomba nene la chuma, akalichimbia chini kupita kipimo cha posta, akalikaza kwa zege na mawe. Kweli, sanduku likawa salama.

Siku moja ya Desemba 2016, mtu mmoja alikuwa akipita na gari lake. Barabara ilikuwa na utando wa barafu usioonekana. Gari likateleza, likatoka njiani, likaigonga nguzo ile. Nguzo haikutoa nafasi. Gari likapinduka. Dereva hakufa, lakini aliumia shingo, na mikono na miguu yake ikapooza.

Kesi ilikwenda mpaka mahakama ya juu ya jimbo hilo. Mwezi wa Novemba 2021 mahakama iliamua kwamba mwenye sanduku hadaiwi kitu. Nguzo ilikuwa nje ya njia ya magari, na vipimo vya posta, ingawa ni vizuri, ni mashauri tu wala si amri.

Mimi si hakimu, na simhukumu mtu yule. Hakutaka kumdhuru yeyote. Alitaka tu sanduku lake lisimame. Ndiyo sababu kisa hiki chanisumbua. Kama angekuwa mtu mbaya, ningesema, “Huyo si mimi,” nikalala. Lakini ni mtu kama mimi na wewe, aliyechoshwa na hasara ndogo akaikomesha kwa nguvu kubwa, bila kumfikiri mpita njia ambaye siku moja atateleza. Sanduku la bati hununuliwa jingine. Shingo ya mtu hainunuliwi.

KUISIMAMISHA

Basi, mzee wangu, mwambie kijana wako aache saruji na bomba lake, afanye hivi.

Kwanza, siku chache kabla ya kuchimba, apige simu namba 811. Hiyo ni namba ya nchi nzima ya Marekani; watakuja watu kuweka alama mahali palipopita nyaya za umeme na mabomba ya gesi chini ya ardhi. Asichimbe kabla ya hapo.

Pili, apige hesabu ya urefu. Nguzo ya futi 6 ina inchi 72. Posta hushauri isizame chini zaidi ya inchi 24. Toa 24 katika 72, zabaki 48, nazo ni nyingi mno kwa sanduku linalokaa juu ya kichwa cha nguzo. Akikata inchi 5 zitabaki 43, nazo zimo katikati ya kipimo. Lakini aangalie: kipimo huanzia usawa wa barabara, si usawa wa majani. Kama ukingo uko chini kuliko barabara, asikate mpaka amepima.

Tatu, achimbe shimo jembamba la inchi 28. Chini atie kokoto inchi 4, maji yapate pa kukimbilia. Katika nchi za baridi maji yaliyomo ardhini huganda, yakiganda huvimba, na yakivimba huisukuma nguzo juu kama jino linalong'oka. Kokoto husaidia kupunguza balaa hiyo.

Nne, asimamishe nguzo, aipime kwa timazi pande mbili, kisha arudishe udongo kidogo kidogo, kila inchi 6 akishindilia kwa kichwa cha mtaimbo. Udongo ulioshindiliwa vizuri huishika nguzo miaka mingi bila saruji. Wewe fundi wajua: nguzo huponzwa na mvivu wa kushindilia kuliko ukosefu wa saruji.

Tano, dawa ya kuangushwa wakati wa baridi. Nguzo yake haikuangushwa na wahuni, bali na theluji. Tinga likisafisha barabara husukuma chungu ya theluji nzito pembeni, nayo huiegemea nguzo na kuivunja. Dawa yake si kushindana na tinga. Asogeze nguzo nyuma, mbali kidogo na barabara, kisha aifunge mkono mrefu wa mbao utakaolifikisha sanduku mpaka kipimo cha tarishi. Theluji itapita mbele ya nguzo na chini ya mkono. Yapo hata mabomba yenye mkono uzungukao, ambao ukisukumwa hugeuka kama mlango kwenye bawaba, kisha hurudishwa mahali pake.

PAMBO

Najua moyo wako uko kwenye lile gogo la mninga. Usinikasirikie. Gogo nene la mti mgumu kama huo, likisimama barabarani, halina tofauti na lile bomba la Ohio. Na ukilichonga jembamba mpaka inchi 4, simba wako atabaki paka.

Tena pambo la nguzo lina mipaka yake. Maua yanayotambaa hupendeza, lakini yasifike kwenye kibendera wala kuifunika namba. Rangi ni nzuri, lakini gari la wagonjwa likija usiku, dereva wake hutafuta namba kwa taa. Pambo likiificha, mgonjwa atasubiri.

Ushauri wangu ni huu. Mchongee kibao cha mninga, chembamba, urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi kidole. Mwambie akupe namba ya nyumba yake, uichonge kwa tarakimu kubwa na kuitia rangi nyeupe, na pembeni weka twiga wako mmoja. Namba ya posta itabaki kwenye sanduku lenyewe. Kibao hiki akitundike chini ya ule mkono wa mbao kwa skrubu mbili. Kitaingia ndani ya sanduku la nguo la msafiri yeyote. Gari likiteleza, kitaanguka pamoja na nguzo bila kumdhuru mtu. Na wageni watakaoitafuta nyumba ya mwanao wataionyeshwa kwa kazi ya mikono ya baba yake. Nadhani hilo ni pambo kuliko gogo.

NA SISI JE?

Wasomaji, msiseme kwamba haya ni mambo ya Wamarekani. Mwaka 2022, kabla ya sensa ya tarehe 23 Agosti, serikali ya Tanzania iliendesha operesheni ya anwani za makazi. Barabara zikapewa majina, nyumba zikapewa namba, na penginepo nguzo za majina zikasimamishwa njia panda. Kama kwenu kipo kibao cha namba, usikifiche kwa mmea wala kwa kamba ya nguo. Huwekewi wewe, maana wewe waijua nyumba yako hata gizani. Huwekewa yule asiyeijua.

Na yako mambo ya kando ya barabara tunayoyafanya wenyewe. Twapanga mawe makubwa pembeni ili pikipiki zisikate kona ya uwanja. Twachimbia vipande vya reli na magurudumu yaliyojazwa zege. Twapigilia vigingi kulinda mche wa mwembe. Shabaha ni njema. Lakini usiku wa mvua kijana wa pikipiki akampakia mama mwenye uchungu wa kuzaa, taa yake hafifu, njia inateleza. Lile jiwe lako laweza kufanya kazi usiyoikusudia. Majuto ni mjukuu.

Nami niseme ukweli wangu. Kwenye kona ya uwanja wangu palikuwa na jiwe lililohitaji watu watatu kulisukuma. Nililiweka mwenyewe miaka minne iliyopita, kwa hasira, baada ya pikipiki kukanyaga mahindi yangu. Kila apitaye alilisifu kwa kuwa nililipaka chokaa. Jumamosi, baada ya kuandika habari hii ya Ohio, nilimwita mwanangu na jirani, tukalivingirisha mpaka chini ya mwembe. Sasa ni kiti cha wazee. Mahali pake nimepanda matete mawili, nimeyafunga kitambaa cheupe. Pikipiki zikiyakanyaga, nitapanda mengine.

Basi leo jioni toka nje ya ua, simama barabarani, utazame kwako kama mgeni atazamavyo. Jiulize maswali mawili: Je, anayenitafuta ataniona? Na anayeteleza atapona? Ukiweza kusema ndiyo mara mbili, hapo chonga simba, chonga twiga, paka rangi uipendayo.

Mzee wangu, kibao kikiwa tayari nipitishie nikione kabla hakijasafiri.

Kwaherini, hadi juma lijalo.